Ushindi 8, vipigo 16: kuusoma vizuri msimu wa 1987 wa Nolan Ryan

Katika takwimu za besiboli ya Marekani za mwaka 1987 kuna mstari mmoja ambao ukiupitia haraka utadhani mchapaji amekosea. Ni wa Nolan Ryan, mrushaji wa Houston Astros, ambaye msimu huo alikuwa na umri wa miaka 40. Ushindi 8, vipigo 16. Kwenye mstari huohuo, wastani wake wa kuruhusu mikimbio ni 2.76, mdogo kuliko wa mrushaji yeyote mwingine aliyeshindania nafasi hiyo katika Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani. Wapigaji aliowatoa kwa straiki ni 270, na hapo pia hakuna aliyemfikia. Yaani mtu aliyekuwa mgumu kufungwa kuliko wote ndiye aliyeandikiwa vipigo mara mbili ya ushindi wake.

Wapo wanaosema takwimu hizo zinagongana. Hazigongani hata kidogo. Kila moja inajibu swali lake, na tatizo ni kwamba kwa karibu karne nzima watu walikuwa wakilisoma jibu la swali moja kana kwamba ni jibu la lingine. Naliandika hili kwa Kiswahili kwa sababu besiboli si ngeni tena kwetu kama zamani. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Pennsylvania, na Waswahili wanaoishi Houston kwenyewe siku hizi si haba. Anayeanza kuufuata mchezo huu hukutana na safu ya ushindi na vipigo mwanzo kabisa wa jedwali, na ndiyo inayompoteza kuliko zote.

Tuanze na mrushaji mwenyewe. Ndiye anayesimama katikati ya uwanja juu ya kichuguu kidogo cha udongo na kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Mpigaji anataka kuupiga kwa gongo, azunguke besi tatu na kurudi nyumbani. Akirudi, timu yake inapata mkimbio mmoja, na mwenye mikimbio mingi ndiye mshindi. Mechi ina vipindi tisa viitwavyo iningi, na katika kila iningi timu inaendelea kupiga hadi wachezaji wake watatu watolewe. Njia safi kuliko zote ya kumtoa mpigaji ni straiki tatu: mpira umempita, gongo halikuugusa au hakulizungusha kabisa, na mbali na mwenzake anayeupokea nyuma ya mpigaji, hakuna aliyehitaji kudaka wala kukimbia.

Mrushaji hawezi kuifungia timu yake kwa kazi anayoifanya pale kichuguuni. Anaweza tu kuwazuia wengine wasifunge. Kwa wapenzi wa soka, yuko kama kipa: anaweza kuokoa penalti mbili na bado timu ikalala bao 1-0 kwa sababu washambuliaji wake hawakuona lango. Tofauti ni kwamba katika soka hakuna anayemwandikia kipa kipigo hicho kwa jina lake na kukibandika kwenye rekodi yake maisha yake yote. Katika besiboli huandikwa.

Kanuni yenyewe ni hii. Mrushaji aliyeanza mechi hupewa ushindi kama amemaliza angalau iningi tano, ameondoka timu yake ikiwa inaongoza, na uongozi huo haukupotea tena hadi mwisho. Hupewa kipigo kama mkimbio uliowapa wapinzani uongozi wa kudumu uko kwenye hesabu yake. Asipoangukia upande wowote, mechi hiyo haimhusu katika safu ile, hata kama amerusha iningi nane bila kuruhusu kitu. Mwaka 1987 Ryan alianza mechi 34. Jumlisha 8 na 16, unapata 24. Maana yake mechi 10, karibu theluthi moja ya kazi yake ya msimu, hazikuacha alama yoyote katika safu ya ushindi na vipigo.

Angalia kanuni hiyo inadai vitu vingapi. Yeye awazuie wapinzani wasifunge. Timu yake ifunge, tena ifunge akiwa bado yumo mchezoni. Warushaji wa akiba watakaompokea wasiuharibu uongozi. Wenzake uwanjani wasidondoshe mipira. Katika orodha hiyo yote, kilicho mikononi mwake ni kimoja tu.

Kulikuwa na jambo jingine la Ligi ya Taifa ya enzi hizo ambalo ni rahisi kulisahau leo. Mrushaji alilazimika kupiga pia, zamu yake ikifika. Warushaji wengi ni wapigaji dhaifu. Basi tuseme ni iningi ya saba, Astros wako nyuma kwa mkimbio mmoja kwa sifuri, kuna mwenzao yuko besi ya pili, na zamu ya kupiga ni ya Ryan. Kocha anafanyaje? Anamtoa na kumwingiza mpigaji wa akiba. Wakifunga palepale na kuchukua uongozi, Ryan bado anaweza kupata ushindi. Wasipofunga palepale, ushindi haumhusu tena, na kama mechi itaisha hivyo, kipigo ni chake. Timu inayofunga kwa shida humweka mrushaji wake katika mtego huu mara kwa mara: anaondolewa kwa sababu wenzake hawajafunga, kisha anahukumiwa kwa sababu hawakufunga.

Astros wa 1987 walifunga kwa shida kweli. Mwaka uliotangulia walikuwa mabingwa wa kanda yao ya magharibi kwa ushindi 96. Mwaka 1987 walishuka hadi ushindi 76 na vipigo 86. Walifunga mikimbio 648 katika mechi 162, ambayo ni 4 kamili kwa mechi. Peke yake namba hiyo haisemi mengi, ila 1987 ulikuwa mwaka wa mafuriko ya mikimbio. Mipira ilikuwa ikiruka nje ya viwanja kuliko msimu wowote uliotangulia katika historia ya ligi kuu. Andre Dawson wa Chicago Cubs aliipiga nje mara 49, na kijana Mark McGwire wa Oakland akafikisha 49 pia katika msimu wake wa kwanza kamili. Wakati wengine wanakula karamu, Astros walikuwa miongoni mwa timu zilizofunga kidogo kabisa katika ligi yao.

Sasa twende kwenye ile 2.76, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa ERA. Hesabu yake ni nyepesi. Unachukua mikimbio ambayo mrushaji anastahili kubebeshwa, unazidisha kwa 9, unagawanya kwa iningi alizorusha. Ryan alibebeshwa mikimbio 65 katika iningi 211 na theluthi mbili. Fanya hesabu mwenyewe, utapata 2.76. Mkimbio uliotokana na mwenzake kudondosha mpira ulio rahisi hauhesabiwi hapa, na hiyo ndiyo heshima ya kipimo hiki: kinajaribu kumtenga mrushaji na makosa ya wengine. Hakijakamilika. Akiondoka akaacha wapinzani kwenye besi, na mrushaji wa akiba akawaachia wafike nyumbani, mikimbio hiyo inarudi kuandikwa kwake. Hata hivyo kinakaribia zaidi kumwona mtu mwenyewe kuliko safu ya ushindi.

Wastani wa ligi nzima mwaka huo ulikuwa juu kidogo ya 4. Hapo lazima niwe mkweli kuhusu uwanja. Astros walicheza ndani ya Astrodome, uwanja uliofunikwa juu tangu ulipofunguliwa mwaka 1965, wenye uzio wa mbali na hewa iliyotulia, ambamo mpira uliopigwa vizuri ulikuwa ukifia mikononi mwa wadakaji. Warushaji waliupenda. Kwa hiyo sehemu ya ubora wa 2.76 ni ya jengo. Watakwimu wana kipimo kinachosawazisha uwanja na ligi, ambacho 100 ni mrushaji wa kawaida na kila kinachozidi hapo ni ubora. Baada ya kulipunguza hilo jengo, Ryan anabaki na 142. Punguza Astrodome utakavyo, mtu bado yupo.

Zile straiki 270, yaani wapigaji 270 aliowatoa, ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu hapo hakuna jengo wala mdakaji wa kumsaidia. Mwaka 2001 mtafiti Voros McCracken alizua mjadala mkubwa alipoonyesha kwamba mpira ukishagongwa na ukabaki ndani ya uwanja, mrushaji ana mamlaka kidogo sana juu ya kinachofuata, kidogo kuliko watu walivyoamini. Kilicho chake hasa ni straiki, besi za bure anazotoa kwa kurusha mipira minne ya nje, na mipira inayopigwa ikapitiliza uzio. Mpime Ryan kwa straiki na besi za bure uone. Kwa kila iningi tisa aliwatoa wapigaji 11.5 kwa straiki, yaani zaidi ya theluthi moja ya wote waliotolewa akiwa kichuguuni. Na kuhusu besi za bure, ambazo zilikuwa donda lake tangu ujana, alitoa 87. Kumbuka kwamba mwaka 1977, akiwa California Angels, alitoa 204 katika msimu mmoja. Katika maisha yake yote ya mchezo alipata straiki mbili hivi kwa kila besi ya bure. Akiwa na miaka 40 alipata tatu. Yule mzee hakuwa amebakiwa na nguvu za mkono tu. Alikuwa amejifunza kuuelekeza mpira kuliko alipokuwa kijana. Tarehe 9 Septemba aliwatoa wapigaji 16 wa San Francisco Giants kwa straiki katika mechi moja, na siku hiyohiyo akavuka straiki 4,500 za maisha yake.

Kwa hiyo alistahili ushindi wa mechi ngapi? Hili linaweza kukadiriwa. Bill James, mwandishi aliyewafundisha Wamarekani wengi kuutazama mchezo huu kwa hesabu, alitoa kanuni iliyonyooka: chukua mikimbio ya kufunga ukiipandisha kipeo cha pili, uigawe kwa jumla yake na mikimbio ya kufungwa iliyopandishwa vilevile. Kinachotoka ni sehemu ya mechi ambazo timu ingetarajiwa kushinda.

Mikimbio ya Astros ilikuwa 4 kwa mechi. Kipeo cha pili ni 16. Ya Ryan ni 2.76, kipeo cha pili ni 7.6. Gawanya 16 kwa 23.6, unapata asilimia 68. Katika mechi 24 zilizohesabiwa, hiyo ni ushindi 16 na vipigo 8. Ni rekodi yake ileile iliyopinduliwa juu chini.

Ila nisikupe furaha ya bure, hesabu hiyo imempendelea. Alikuwa akirusha iningi sita na kidogo kwa mechi, na zilizobaki zilikuwa za warushaji wa akiba. Ukiwapa hao kiwango cha wastani cha timu, ambacho ni mikimbio 4.2 kwa iningi tisa, kisha ukakumbuka na mikimbio ya makosa ya wenzake isiyoingia kwenye ile 2.76, matarajio yanashuka hadi ushindi 13 au 14. Hiyo ndiyo namba ninayoiamini. Bado kati ya 14 na 8 kuna pengo kubwa, na pengo hilo haliwezi kuwa la mkono wake.

Wengi hulimaliza jambo hapa kwa kusema timu ilikuwa mbovu, basi. Mimi sikubali, na sababu imo ndani ya timu hiyohiyo. Mike Scott alirushia Astros mwaka uleule, uwanja uleule, akiwa na wapigaji walewale. Wastani wake ulikuwa 3.23, mbaya kuliko wa Ryan. Straiki zake zilikuwa 233, chache kuliko za Ryan. Rekodi yake? Ushindi 16, vipigo 13. Mara mbili ya ushindi wa Ryan. Nenda Chicago: Cubs walishika mkia katika kanda yao kwa ushindi 76, idadi ileile ya Astros, na bado Rick Sutcliffe alipata 18 kati ya hizo akiwa na wastani wa 3.68.

Kwa hiyo timu kupoteza mara nyingi kunaeleza sehemu tu. Sehemu nyingine ni siku gani mikimbio ilikuja. Timu yenye wastani wa 4 haifungi 4 kila siku. Leo inafunga 9, kesho sifuri, keshokutwa 3. Mrushaji hulala au husimama kwa mpangilio huo, na katika mechi 34 bahati ina nafasi ya kutosha kumharibia mtu msimu mzima bila kusawazishwa.

Tena kuna tofauti moja ya wazi kati ya Scott na Ryan. Scott alimaliza mechi 8 mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Ryan hakumaliza hata moja. Mwaka 1986 kiwiko kilikuwa kimemsumbua, na uongozi wa klabu ukaamua kumwekea kikomo cha mipira anayoweza kurusha kwa mechi, jambo lililomkera kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza kazi yake. Ukishaondoka katika iningi ya sita au ya saba, umewakabidhi wengine jina lako.

Wanaotetea safu ya ushindi humtaja Steve Carlton, na wana haki ya kumtaja. Mwaka 1972 Philadelphia Phillies walishinda mechi 59 tu na kupoteza 97. Carlton peke yake alipata ushindi 27. Karibu nusu ya ushindi wote wa timu! Wanauliza: kama yeye aliweza, Ryan alishindwa nini? Jibu limo kwenye safu nyingine ya takwimu za Carlton, ambayo watu hawaifikii. Alirusha iningi 346 na ushee, na alimaliza mwenyewe mechi 30 kati ya 41 alizoanza. Hakuwaachia warushaji wa akiba nafasi ya kuharibu, na alibaki mchezoni muda wa kutosha kuwasubiri wenzake wafunge. Mwaka 1987 mrushaji wa miaka 40 mwenye kiwiko kinacholindwa asingeruhusiwa kufanya hivyo.

Msimu ulipoisha waandishi wa habari walipiga kura ya tuzo ya Cy Young, inayotolewa kwa mrushaji bora wa kila ligi. Imepewa jina la mrushaji mwenye ushindi 511, rekodi ambayo haijavunjwa, kwa hiyo mapenzi ya safu ya ushindi yamo hata kwenye jina la tuzo. Aliyeshinda ni Steve Bedrosian wa Phillies, mrushaji wa akiba aliyeokoa mechi 40, yaani aliyeingia mwishoni na kuulinda uongozi wa timu yake, lakini aliyerusha iningi 89 tu. Alipata pointi 57, Sutcliffe 55, Rick Reuschel 54. Ryan alikuwa wa tano. Kura zilitawanyika hivyo kwa sababu hakukuwa na mrushaji mwenye ushindi mwingi wa kutisha, na wapiga kura walipokosa ushindi mwingi hawakujua washike wapi.

Mambo yalikuja kubadilika, ingawa pole pole. Mwaka 2010 Félix Hernández wa Seattle Mariners alipewa tuzo hiyo kwa ushindi 13 na vipigo 12, katika timu iliyopoteza mechi 101, mbele ya CC Sabathia aliyekuwa na ushindi 21. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets aliichukua kwa rekodi ya 10–9 na wastani wa 1.70, akipata kura 29 za kwanza kati ya 30. Ryan yeye hakuwahi kuipata. Alistaafu akiwa na straiki 5,714, nyingi kuliko mwanadamu yeyote, na mechi 7 ambazo wapinzani hawakupiga mpira hata mmoja salama.

Mwisho wa msimu wa 1988 aliondoka Houston baada ya mwenye timu kutaka kumkata mshahara, akavuka hadi Texas Rangers. Mwaka 1989, akiwa na miaka 42, wastani wake ulikuwa 3.20, juu ya ule wa 1987, na rekodi yake ikawa ushindi 16 kwa vipigo 10. Aliruhusu zaidi kuliko 1987, akapata ushindi mara mbili ya ule.

Ningekuwa na kura mwaka 1987, ningesita kwa sababu moja tu. Orel Hershiser wa Los Angeles Dodgers alikuwa na wastani wa 3.06, lakini alirusha iningi 53 zaidi ya Ryan, na iningi 53 ni kazi kubwa ambayo lazima mtu aifanye. (Naye, kwa timu yake iliyopoteza mechi 89, aliishia na 16–16.) Huo ni ushindani wa kweli: ubora wa kila iningi kwa upande mmoja, wingi wa kazi kwa upande wa pili. Bado kura yangu ingekwenda kwa Ryan, kwa zile straiki 270 na kwa 142 iliyobaki baada ya kuondoa uwanja, na safu ya 8–16 ningeifunika kwa kidole wakati naandika jina lake.